Uzi wa Tatu

Watu wakianza kumsifu jirani yetu Fundi, mimi huwaacha wamalize, kisha huwauliza kama waliwahi kupiga gitaa mbele yake. Kumbe wengi walimsikia kwenye kaseti tu, na kaseti haina ulimi. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, tangu mwanzo wa miaka ya tisini mpaka alipokwisha, na nasema bila ya kupepesa macho: alikuwa mchoyo, mwenye kiburi, na mdomo wake ulikuwa wembe. Na hakuna mtu aliyepata kulipiga gitaa kama yeye. Zamani nilijaribu kuyatenganisha mambo haya mawili, nimpende kwa moja na nimchukie kwa jengine. Nilishindwa, na sasa sijisumbui.

Kabla yake gitaa la umeme kwenye harusi zetu lilikuwa pambo. Lilikaa nyuma ya fidla na kinanda, likisema tiki tiki, na hakuna aliyegeuza shingo. Yeye ndiye aliyelileta mbele. Ujanani alisikia santuri za Wamarekani weusi, zile nyimbo zao za huzuni wanazoziita bluzi, na roki ilipoingia akaifuata nayo. Alizisikia wapi, hakusema. Ukimuuliza anajibu, "Pale nilipokuwa." Akakata shingo ya chupa ya marashi, akaisugua kizingitini mpaka ikawa laini, akaivaa kidoleni, na badala ya kuzibana nyuzi akawa anateleza juu yake. Gitaa likalia kama mwanamke aliyepewa habari kwenye simu. Chini ya kilio hicho aliweka mwendo wa ngoma zetu za harusini, na spika akiifungua mpaka ikwaruze. Mabibi wasiokuwa na habari ya bluzi wala roki wakaliita "gitaa linalosema", na harusi isiyokuwa nalo ilitetwa wiki nzima.

Siri yake ilikuwa katika nyuzi. Hakuzikaza kama wanavyokaza watu. Alikuwa na mpango wake mwenyewe, uzi huu chini, ule juu, na mpango huo ndio uliokifanya kile kichupa kiteleze kutoka kilio hadi kilio. Hakumwonyesha mtu. Alipiga amewapa wenzake mgongo, na wimbo wa mwisho ukiisha, makofi hayajatulia, tayari keshazilegeza nyuzi zote, moja baada ya moja, mpaka zinaning'inia. Ndipo akawageukia wenzake na kuinamisha kichwa kwa adabu. Mtu aliyelishika gitaa lile baadaye alilikuta maiti. Alipoulizwa kwa nini anafanya hivyo, alisema, "Mwenye nyumba akitoka hufunga mlango. Kwani wewe wako unauacha wazi?"

Mama yangu, aliyekuwa akimsikiliza kutoka jikoni kwetu, alikuwa na neno lake. "Mficha uchi hazai," akisema, na kuendelea kuchagua mchele.

Hapo mama hakupata sawasawa. Fundi alizaa, tena wengi, ila wote walipinda vidole. Kaseti zake zilizokuwa zikiuzwa madukani Hamriya zilivuka bahari, zikanakiliwa na kunakiliwa mpaka sauti ikachakaa, na kila kijana mwenye gitaa, Maskati na Unguja na Mombasa na bara huko, akakaa nazo kujifunza. Hawakujua kwamba nyuzi zimekazwa vyengine. Wakawa wanatafuta kwa vidole vinne vilivyochanuliwa kile ambacho yeye alikipata kwa kidole kimoja kilichonyooka. Walivimba mikono. Wengine waliacha. Waliovumilia wakatoa mtindo mpya kabisa, mgumu, wenye uzuri wake, na mpaka leo wako wanaoupiga wakidhani ndio wake. Siku alipousikia mara ya kwanza kwenye redio ya gari alisimama kando ya barabara ili acheke vizuri. Mkewe alikuwamo garini, ndiye aliyenihadithia. Alicheka, akafuta macho, akasema, "Maskini, wanaparamia ukuta na mlango upo." Kisha akatia gia wakaenda zao.

Alikuwa na namna yake ya kummaliza mtu, bila ya kupaza sauti. Bendi moja ya vijana wetu ilimwalika akawasikilize mazoezini, wakampa kiti cha mbele na kahawa. Akawasikiliza mpaka mwisho, mikono miwili juu ya bakora. "Mshamaliza?" akauliza. "Tushamaliza, Fundi," akajibu mwimbaji. "Alhamdulillahi," akasema, akanyanyuka kutafuta viatu vyake. Baba mmoja alimpelekea mwanawe, akijisifu kwamba mtoto ana vidole virefu. Fundi akavishika vidole, akavigeuza juu na chini, akasema ni vizuri kweli, vitamfaa sana kuokotea sindano.

Na mtu huyo huyo hakuwa akikosa sala msikitini, na hakuweza kula peke yake. Kila Ijumaa sinia lilitoka kwake likaenda kwa wafanyakazi waliokuwa wakijenga mtaani. Aliyemtukana asubuhi humlisha mchana, tena humchagulia nyama laini. Mazikoni alilia kwa watu asiowajua. Watu wenyewe hawakumlilia. Waliocheza kwa gitaa lake harusini walikuwa wakimfuata mwanawe, aliyekuwa na cheo chake serikalini, wakamwambia baba yako angeyaacha mambo hayo, umri umekwenda. Mwanawe akamwomba kweli aache. Fundi akamsikiliza kwa adabu, akamuuliza, "Harusi yako alipiga nani?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini alikuwa hasahau. Mmoja wa hao wasemaji alipomwoza bintiye alimtaka Fundi huyo huyo, naye akakubali bila ya kinyongo. Akampigia mama wa bibi harusi wimbo mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Ulipofika pale ambapo ukumbi mzima ulikuwa ukingojea gitaa lipande, sauti ikakatika. Wakasema umeme, wakati taa zote zinawaka. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Aliuchomoa waya mwenyewe, akaukunja, akautia mfukoni, akakaa anakunywa kahawa. Bibi harusi aliingia ukumbini kimya, unasikia nguo yake inavyoburura.

Nilimwona kwa sababu ya kazi yangu. Harusi zetu wanawake huwa peke yao, na wapigaji wakiwa wanaume huwekwa pembeni mwa ukumbi nyuma ya pazia, wasione wala wasionekane. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nina nafasi, basi nikapewa chetezo. Kabla wageni hawajafika, na tena harusi ikiendelea, nilifukiza udi ukumbi mzima, na pazia pia, mbele na nyuma. Fundi naye alikuwa akiwahi ili akaze nyuzi zake. Akifika humtoa nje mpiga kinanda, humtoa mpiga ngoma, kisha hutia komeo mlango wao. Sisi wanawake tulibaki, tunapanga viti, tunapitisha masinia, tunafukiza. Siku moja mpiga kinanda alinung'unika. "Mbona hawa hawatoki?"

Fundi hata hakugeuka. "Hawa? Hawa wataiba sahani."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa lake. Miaka yote alijificha kwa kila mwanamme wa Maskati, na miaka yote alikaza nyuzi zake waziwazi mbele ya wanawake, kwa kuwa hatukuwa watu wa kuogopwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikizunguka na chetezo polepole kuliko ilivyohitajika. Uzi wa chini kabisa aliuweka pale unaposikika kama mzee anayekohoa. Wa pili ulitulia upesi. Wa tatu ndio uliomsumbua, akiupandisha, akiushusha, akiusikiliza amefumba macho. Garini wakati wa kurudi nilizivumisha sauti zile kwa mdomo uliofumbwa, kwa mfuatano wake, na mama akidhani naumwa na jino.

Nikanunua gitaa kuukuu Hamriya, nikamwambia muuzaji ni la mpwa wangu, akalifunga kwenye blanketi. Nikajifungia chumbani, nikazikaza nyuzi kama nilivyozikariri. Baada ya isha Fundi alikuwa akipiga upande wake wa ukuta, nami nikamfuata upande wangu, taratibu, kichupa cha marashi kidoleni, taulo chini ya mlango ili mama asisikie. Nilifundishwa na mtu ambaye hakuwa na habari kuwa anafundisha.

Siku moja nilishindwa kujizuia. Alikuwa keshamaliza kukaza, anataka kwenda kufungua komeo, nami nafukiza nyuma ya kiti chake. Nikasema, "Fundi, leo uzi wa tatu umekaa chini."

Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuwe majirani. "Wewe mwenye udi," akasema, "moshi ushakupanda kichwani. Nenda kafukize viatu."

Wanawake waliokuwapo wakacheka, na viatu hivyo wakanitania navyo harusi baada ya harusi. Nikaenda. Nilipofika mwisho wa pazia nikageuka, nikamwona ameinamisha kichwa, anaupandisha uzi wa tatu. Kidogo tu, pale pale nilipousikia.

Tusi nililisamehe. Kule kuupandisha sikukusamehe. Alijua kwamba nimesikia kweli, akaitumia kweli yangu, akaniacha nichekwe. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja kutoka kwa mtu yule: akiri mbele yangu, hata kwa neno moja, kwamba nilisikia sawa. Sikutaka kupiga harusini, wala sikutaka jina kwenye kaseti. Nilitaka neno langu, na nililitaka kwa hasira.

Aliyetaka makubwa zaidi alikuwa Mkenya. Ndivyo tulivyomwita mtaani, na mwenyewe aliitika. Alikuwa mpiga gitaa katika hoteli moja ya Qurum, mtu mzima, mpole, mwenye mke na watoto kwao Kisumu. Alikuwa mmoja wa wale waliopinda vidole kwa kaseti za Fundi, na alipojua kwamba mwenye kaseti yuko hai, tena si mbali, alikuja na keki. Fundi akamkaribisha, akamlisha, akamfanya dereva. Mkenya akamwendesha alikotaka, akambebea spika, akamwoshea gari, miaka nenda miaka rudi. "Mzee, si unionyeshe tu uzi mmoja," alikuwa akimwambia. "Mmoja tu. Nitaenda nao kaburini."

"Taratibu, arbabu," Fundi akimjibu, na hilo ni neno ambalo wafanyakazi wa huku huwaitia mabwana zao. "Mkono wako bado mbichi. Ukiiva ntakwambia." Mkono wenyewe ulikuwa umeanza kuota mvi.

Kisha kiharusi kikampiga Fundi, upande wa kushoto wote, mkono na mguu na nusu ya mdomo. Gitaa likabaki msumarini chumbani kwake, nyuzi zimelegea kama alivyoziacha harusi ya mwisho. Mlango alikuwa keshaufunga, na mkono wa kuufungulia ukafa. Mwanawe alitaka gitaa litolewe nyumbani. Mkewe akamwambia litatoka siku litakapotoka jeneza.

Mkenya hakuacha kuja. Kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya kanisa kwao, akitoka kusali huja moja kwa moja, hulishusha gitaa, hukaa kando ya kitanda na kukaza uzi mmoja mmoja, akimwangalia mzee usoni apate ishara. Mzee hutikisa kichwa: sivyo. Ijumaa moja nilikuwapo, nimempelekea mkewe mkate wa kumimina. Mkenya alipapasa na kupapasa, na kwa bahati yake au kwa masikio yake, nyuzi zikaanza kukaa. Wa chini ukakohoa. Wa pili ukatulia. Nikasimama na sahani mkononi. Akaupandisha wa tatu, pole, pole, ukafika pale hasa, na mzee akatikisa kichwa. Sivyo. Mkenya akaulegeza, akaomba radhi, akaanza upya.

Sijapata kuona ukatili uliotulia kama ule. Mtu hawezi kujifuta mate, na bado anamfungia mwenzake mlango usoni. Nilimchukia siku ile mpaka nikaacha sahani bila ya kuaga. Nilipofika nyumbani nikaona na jambo jengine. Sauti ile ilikuwa inakwenda zake kaburini, labda baada ya mwezi, labda baada ya mwaka, na dunia nzima hakuna mwengine aliyenayo ila mimi, mfukiza viatu.

Nikaenda tena siku ya kazi, baada ya alasiri, kichupa changu kimo kwenye mkoba. Mkewe akanifungulia. "Ingia mwanangu, mzee wako yuko macho. Kaa naye, mimi nnakwenda kutia kahawa motoni. Usimpe maneno mengi, akichoka hutukana."

Alikuwa ameegemezwa mito, anaangalia gitaa ukutani. Nikamsalimu, hakuitika. Nikalishusha gitaa bila ya kuomba ruhusa, nikakaa pale anapokaa Mkenya, na kiti nikakigeuza ili aione mikono yangu. Mgongo sikumpa.

Nikaukaza uzi wa chini mpaka ukakohoa. Wa pili ukatulia. Wa tatu nikauacha chini kidogo, makusudi, nikaenda wa nne, wa tano, wa sita. Kisha nikapitisha kidole juu ya zote, nikamngojea.

Uso wake ulikuwa umebadilika tangu uzi wa nne. Nusu iliyo hai ilitetemeka. Aliniangalia, akaangalia pazia la dirisha, akaniangalia tena, na nikajua kwamba amefika ukumbini, kwenye moshi, kwa wale wezi wa sahani.

"Tatu," akasema. Mate yakamtoka. "Wa tatu. Chini."

"Uko chini?"

"Chini."

"Na siku ile ulikuwa chini, Fundi?"

Jikoni mkewe alikuwa anapanga vikombe. Akalifumba lile jicho zima, akalifumbua. "Na siku ile," akasema.

Basi nikaupandisha. Nikakivaa kichupa, nikampigia ule wimbo aliomkatia yule bibi harusi, nikaupitisha pale alipochomoa waya, nikaufikisha mwisho wake. Sikupiga vibaya. Mkono wake wa kulia ulikuwa unafuata mwendo juu ya shuka. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na birika, hakuingia. Nilikuwa na furaha ambayo mume hakunipa, wala mama, wala Maskati nzima.

Nje likasimama gari. Nikaitambua hodi ya Mkenya. Hotelini wamempa ruhusa, kaona apite. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, tukamsikia anavua viatu.

"Legeza," akasema Fundi. Hilo alilitoa safi, halina mate. "Upesi."

Ningeweza kukataa. Ningelitundika gitaa vile vile lilivyo, na Mkenya angelishika akapata alichokitumikia miaka yote ile. Nikamwangalia Fundi. Hakuwa akinifukuza. Alikuwa akinipa ufunguo, kwa namna pekee aliyoijua. Nikalegeza, kuanzia uzi wa chini, mpaka zikaning'inia zote. Nikalirudisha gitaa msumarini, kichupa nikakitia kwenye mkoba.

Mkenya akaingia na mfuko wa machungwa. Akamshika mzee mkono, akanisalimu mimi. "Nimesikia kitu kama gitaa huko nje," akasema.

"Kaseti, mwanangu," akasema mkewe, na akaanza kumimina kahawa.

Mkenya akaketi kwenye kiti nilichokiacha, akalishusha gitaa, akapitisha kidole. Zikavuma kama kamba ya kuanikia nguo. "Bado tu, Mzee," akasema kwa upole. Akaanza na uzi wa chini, akimwangalia usoni. Ukakohoa. Wa pili akaupata. Siku hiyo mkono wake ulikuwa mwepesi, sijui kwa nini. Akaushika wa tatu, akaupandisha, akausikiliza, akaupandisha tena kidogo, ukafika.

Fundi akatikisa kichwa. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inacheka, na alikuwa akiniangalia mimi.

Mkenya akanigeukia. "Dada, wewe unaskiaje?"

Nikapokea kikombe changu. "Sivyo," nikasema.